Kikao cha Ukoo Kuhusu Titi la Shangazi

Kwaru, kwaru, kwaru.

Wakuu, niliisikia sauti hiyo nyuma ya pazia, nyumbani kwa shangazi yangu Kitangari, nikadhani panya kaingia kwenye gunia. Ninayowasimulia hapa sijayatia chumvi.

Alikuwa shangazi mwenyewe, Mama Somoe, anajikuna chuchu ya kushoto.

"Shikamoo shangazi. Una nini?"

"Marahaba mwanangu. Mafuta ya korosho tu, yataisha."

Ganda la korosho lina mafuta yanayochubua ngozi. Ndiyo maana kwetu kila kidonda husingiziwa korosho. Radi ikitupiga, nadhani tutailaumu korosho.

Basi ikawa kupaka. Jirani kaleta mafuta ya nazi. Wifi kaleta dawa ya fangasi, ile tyubu yenye picha ya unyayo.

Chuchu ikazidi kuwa nyekundu, ikatoa majimaji, ikaanza kuzama ndani. Uvimbe hatukuuona, kwa hiyo tukajipongeza kwamba si saratani.

Nikambembeleza, tukateremka Masasi. Daktari, dada mmoja mpole, aliisikiliza hadithi ya korosho mpaka mwisho. Kisha akavigeuza viganja vya shangazi.

"Mama, korosho unabangulia kifuani? Mbona mikono mizima?"

Shangazi alicheka. Halafu macho yake yakatafuta yangu.

Wakakata kinyama, kikapelekwa maabara. Majibu yalipotoka: saratani adimu inayoanzia kwenye chuchu na kujifanya ukurutu. Haijasambaa, ila titi litolewe upesi.

Kwetu, jambo zito kama hilo lazima mjomba aridhie. Kikaitishwa kikao cha wanaume, wote vifua bapa.

"Naridhia," mjomba wake akatamka, "ila msimu wa korosho upite kwanza."

"Na wakishalitoa, tutalizika makaburi ya upande gani?" akauliza mwingine. Hoja hiyo ikala asubuhi nzima. Mumewe, Baba Somoe, alikuwa anatazama mkeka tu.

Wakuu, upele wa chuchu moja usiosikia dawa ya kupaka, acheni kuupaka. Kapimweni, hata kama hamna uvimbe. Na huko kwenu mnasingizia nini? Komenti zote nitasoma, za kunitukana pia.

Kikao kiliishaje? Hakikuisha. Shangazi alitoka chumbani na kanga zake mbili na mfuko, akapita katikati yao.

"Shikamoo mjomba. Endeleeni. Nikirudi mtaniambia mmeamua nini."

"Mama Somoe, unakwenda wapi? Hatujafunga kikao!"

Akaufunga mlango nyuma yake.