Vitufe vya Mashine ya Jimu

Mbunifu alikuwa amechora kwa miezi mitatu mashine ya kujihudumia ya jimu: mtu afike mlangoni, aguse kioo, achague zoezi na kabati la nguo, kisha aingie bila foleni. Siku ya majaribio alijiona amemaliza kazi, mpaka mzee mmoja alipogusa kioo mara tano bila kufanikiwa.

Mama mmoja, msafishaji wa jimu hiyo, akaweka ndoo chini.

"Mwanangu, usinichukie," alisema. "Hapa watu huacha miwani kwenye mkoba, na vidole vimelowa jasho. Baba huyu aliwahi kupooza mkono, bado anaunyoosha taratibu. Vitufe vyako ni kama punje za mchele."

Mbunifu aliona haya, lakini akamvutia kiti na kumwomba aeleze yote. Wiki iliyofuata kila kitufe kilikuwa kikubwa cha kujaa kiganja. Mzee akajiandikisha kwa mkono uleule mgonjwa, akacheka peke yake.

Meneja alipokuja kumpongeza, mbunifu alimsogeza mama mbele.

"Mshukuru huyu, bosi. Bila yeye ningeaibika."

Mpaka leo, mbunifu akipewa kazi mpya mahali, kwanza huulizia anayesafisha pale, akaenda kumwamkia.