Chumvi Golini kwa Gadiel

Sikumpenda Gadiel, na sitajifanya nilimpenda eti kwa sababu sasa anachechemea. Watu wa mtaani kwetu Albert Park wanataka niseme alikuwa mtu mwema. Haya, alikuwa mwema. Nilimchukia hivyo hivyo.

Alitoka Machame, chini ya Kilimanjaro, basi kila mtu akamtania kwamba barafu ni mali ya babu yake. Uongo mtupu. Barafu aliikanyaga mara ya kwanza hapa Durban, baada ya miaka miwili ya kuuza mikanda barabarani, alipopata kazi ya kufagia kwenye ukumbi wa kutelezea. Akafagia weee, mwisho wakampa aendeshe mashine ya kulainisha barafu. Siku moja golikipa wa kwanza wa klabu ya magongo ya barafuni hakuja, kocha Steve akamvalisha yeye. Gongo alilishika kama jembe, lakini kile kisahani cheusi kinachopigwa hakikumpita.

Golikipa wa akiba nilikuwa mimi, Alain wa Bukavu, fundi simu. Zamu ilikuwa yangu, akapewa mfagiaji! Misimu minne nikakaa benchi nimevaa mapedi, nikimtazama. Kisha klabu ikaamua kumlipa golikipa mmoja mshahara, jambo ambalo pale kwetu halikuwahi kutokea. Akalipwa Gadiel. Mkataba ulisema akishindwa kucheza, nafasi ni yangu. Eish, karatasi ile niliisoma mpaka nikaikariri.

Sasa sikiliza. Kabla ya kila mechi Gadiel alipiga magoti kwenye mlingoti wa kushoto wa goli, akamimina maji ya chupa polepole, midomo ikichezacheza. Nikamsimulia mke wangu, Mireille.

“Ile ni dawa, papa,” akasema. “Iko anafunga goli, na nyota yako iko anafunga mule mule.”

Kanisani kwetu dawa inavunjwa kwa chumvi iliyoombewa. Mireille akaniletea pakiti nzima. Jumapili ya mechi, ibada ilipokwisha, nikawahi ukumbini kabla ya wenzangu, nikaimwaga yote chini ya ule mlingoti huku nikikemea kwa moto. Miaka yote hiyo niko kwenye barafu, sikujiuliza hata mara moja chumvi inaifanya nini barafu. Kichwani mwangu mlikuwa na Gadiel tu.

Kipindi cha kwanza kisahani kilikuja kushoto. Gadiel akajisukuma kwenda kwenye mlingoti, chuma cha kiatu kikazama kwenye uji wa barafu iliyoyeyushwa na chumvi. Mwili ulienda, goti likabaki. Mlio wa goti niliusikia nikiwa benchi, na nisikudanganye, nilifurahi kwanza.

Akalala kifudifudi. Watu wakamkimbilia. Yeye akavua glavu, akachovya kidole kwenye ule uji, akakilamba. Halafu akanitafuta mimi kwa macho, mimi peke yangu.

Goti halikupona sawasawa. Mkataba ukawa wangu, naye akarudi kwenye mashine yake. Siku ya mechi yangu ya kwanza nilimwona anakuja golini akichechemea, chupa mkononi. Nikajua leo ndiyo leo, nikakunja ngumi.

“Kaka Alain,” akasema, “tundu la mlingoti huu limepanuka. Usipolijaza maji yakaganda, goli litang'oka watu wakigongana. Mimina kidogo, hesabu mpaka thelathini, mimina tena.”

“Ulikuwa unahesabu?”

“Ulidhani nafanya nini?”

Hasira ikanipanda, kwa sababu hata hapo hakupiga kelele. “Kwa nini husemi?” nikamwuliza. “Waambie basi.”

“Nikisema watakufukuza. Golini atasimama nani? Mimi siwezi tena.” Akanipa chupa. “Timu ikifa ukumbi utafungwa, nami nina watoto. Nisingekuwa na watoto, ungenijua.”

Tangu siku hiyo hajanisalimia. Nikipita anazima mashine, anangoja nitoke.

Nimedaka msimu mzima. Kila mechi napiga magoti mlingoti wa kushoto, namimina, nahesabu, na midomo yangu inachezacheza. Golikipa mpya wa akiba anaitwa Prodige. Anakaa pale benchi amevaa mapedi, haniondolei macho. Nimemwambia ni maji tu, akaitikia sharp, yaani sawa, bila kucheka. Yeye na mimi tunasali kanisa moja.