Niliapa Sina Mke Ili Nipate Nyumba

Nilimkana mke wangu mbele ya wakili, nikiwa nimevaa shati alilonipigia pasi yeye mwenyewe asubuhi hiyo. Kosa ni langu, simsingizii mtu.

Nimwite Mwende, ingawa si jina lake. Tulikuwa tumekaa pamoja miaka sita hapa Machakos mjini. Anauza mitumba Tala, na kabla hatujajuana alikuwa amejijengea nyumba ndogo hukohuko. Mimi nilikuwa mpangaji tu, na niliona haya.

Benki moja ilikuwa na mkopo wa riba nafuu kwa anayenunua nyumba kwa mara ya kwanza. Nikaomba. Kabla haujapita, masharti yakabadilika: mume na mke wahesabiwe mnunuzi mmoja, na mmoja akiwa na nyumba tayari, wote wawili hawafai. Nyumba ya Mwende ikanifungia mlango.

Hapo nikakumbuka sijawahi kupeleka mbuzi wa ntheo kwao Kola. Kwetu Wakamba, bila mbuzi hao mwanamke si mke wako hata mkikaa hadi mzeeke. Kila mwaka nilikuwa nikiahirisha. Sasa uvivu wangu ukaonekana kama akili. Nikaapa sina mke, mkopo ukapita.

Jioni nilimsimulia Mwende nikidhani atacheka. Alikuwa anachambua ndengu.

"Ulisema hauna bibi?"

"Ni maneno ya benki tu. Kwani nilipeleka ntheo?"

Alimaliza kuchambua, akapika, tukala. Kesho yake akahamia Tala.

Baba yake aliniita Kola. "Kijana, leta mbuzi tumalize hii maneno," akasema. Hakuwa na hasira hata kidogo. Mimi nikapiga hesabu: nikipeleka mbuzi nina mke, na nikiwa na mke mkopo umevunjika. Nikamwomba asubiri kwanza nikabidhiwe nyumba. Akasema sawa. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi, mjinga mimi.

Nilipopata funguo, masharti yalikuwa yamebadilika tena. Nyumba aliyojenga mwenzako kabla hamjaoana haikuhesabiwa tena. Yaani ningengoja kidogo tu, nisingehitaji kuapa chochote.

Nikanunua mbuzi wazuri, nikaenda nao Kola pamoja na wajomba zangu wawili. Tukakaribishwa chai.

"Hizi mbuzi ni za nini?" mzee akauliza.

"Ni za Mwende, mzee."

Akamwita binti yake, aliyekuwa amekuja kutoka Tala siku hiyo, aulizwe kama mbuzi wapokelewe, maana ndiyo desturi. Mwende akatoka jikoni, akasalimia wajomba zangu kwa heshima zote, akawatazama mbuzi.

"Mbuzi ni wazuri," akasema. "Lakini huyu aliapa hana bibi, na mimi sitaki aonekane mwongo kwa benki."

Akakusanya vikombe. Mbuzi tukarudi nao.

Nyumba ina vyumba vitatu, nalala kimoja. Nampenda yule mwanamke, na sikuwahi kumwambia hivyo hadi alipoacha kushika simu yangu. Wanasema majuto ni mjukuu. Kwangu ni mkopo wa miaka mingi.

Siku niliyoapa, kiapo kilikuwa cha uongo. Sasa ni cha kweli kabisa, na benki haina shida nami.

Wewe unayetafuta nyumba, masharti yakikubana, ngoja. Usimtoe mwenzako mlangoni ili wewe uingie. Masharti ya benki yatabadilika tena. Mwende bado hajabadilika.