Neno nililolitunga Katilu limeninyima kazi Lodwar

Wakuu, ejok.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Anayetaka kucheka acheke, mimi bado nina hasira.

Kazi yangu hapa Lodwar ni ukalimani wa kibarua. Wageni wa miradi wakija, nawatafsiria Kiturkana kwenda English na kurudi. Wasipokuja nakaa nyumbani Nawoitorong, naangaliwa na mke wangu.

Sasa, mwaka jana tulikuwa Katilu na mama mmoja mzungu aliyetaka kuleta pampu ya maji. Mzee Ekai wa hapo kijijini akasema hawakubali kitu mpaka mbuzi achinjwe, utumbo utandazwe, wazee wausome. Huku kwetu utumbo wa mbuzi ndio huwaambia wazee kama kunakuja mvua, ugonjwa au vita.

Nilikuwa nimetafsiri tangu asubuhi. Jua kali, koo limekauka, English imeniishia kabisa. Nikasema tu, "They will intestine it first."

Nilingoja anicheke. Wapi! Akaandika. Kisha akaniuliza kwa heshima kama ni kawaida ku-intestine miradi.

"Yes madam, always."

Mbuzi akachinjwa, utumbo ukakubali, tukala nyama. Nikasahau.

Miezi ikapita. Nikaenda Kakuma kumsalimia rafiki yangu Deng, Msudani Kusini mwenye kibanda cha kuchaji simu kwenye kambi ya wakimbizi. Nikamkuta amenuna. Aliomba ofisi fulani imsaidie na sola, wakamkatalia.

"Eti ombi yangu bado haijakuwa intestined," akasema.

Nikacheka mpaka nikashika ukuta.

"Wewe nacheka nini? Hiyo ni English ya ofisi. Wewe hujasoma."

Halafu tangazo likatoka. Field officer, Lodwar, kazi ya kudumu, na bima. Mke wangu ni mjamzito, hiyo bima nilikuwa naiota. Na sharti la kwanza: "Proven experience in intestining."

Wakuu, nilipiga magoti nikamshukuru Mungu.

Siku ya interview, kijana mmoja wa Nairobi mwenye kadi shingoni akaniambia ni-define intestining.

"First, you get a goat," nikaanza.

Wakaangaliana.

"Na goat inaingia wapi hapo?"

Nikaona kazi inaniponyoka. Nikasema ukweli: hilo neno ni langu, nililitoa mimi Katilu kwa sababu ya kiu.

Mama aliyeketi katikati akanionea huruma. "Kaka, wewe ni wa tatu leo kusema hivyo."

Wa tatu! Hao wengine wawili ni akina nani?

Kazi ikaenda kwa dada mwenye certificate ya intestining. Mimi nikaambiwa nina passion, ila niongeze ujuzi. Iliniuma, sifichi. Nilifika nyumbani nikashindwa kumwangalia mke wangu usoni.

Wiki iliyopita huyo dada akanipigia. Anaenda Katilu kuwafundisha wazee intestining, anataka mkalimani wa siku moja. Nikakubali, ningefanyaje?

Mzee Ekai alisikiliza slaidi zote kwa adabu, kisha akauliza, "Na mbuzi yuko wapi?"

Nikatafsiri. Dada akaandika kwamba jamii inahitaji mafunzo zaidi.

Funzo langu ni hili: msidhani English hutungwa na maprofesa peke yao. Ukitoa neno lako, litafutie makaratasi kabla hujalala. Kama yamewahi kukukuta, tiririka hapo chini, nitasoma zote.

Maana neno langu sasa lina kazi ya kudumu hapa Lodwar, na bima juu. Mimi bado kibarua.