Nguzo Isiyobeba Bati

Harufu ya masizi, yale ya paa la majani lililofukizwa moshi miaka na miaka, bado hunirudisha Suji, kijijini kwetu mlimani, kwenye msonge wa bibi mzaa baba. Mlango wake ulikuwa mfupi, hata sisi watoto tuliinama. Na ukiinama, paji la uso linaelekea nguzo ya katikati, nyeusi tii. Bibi alisema msonge ni tumbo la mama, na nguzo ile ni uti wa mgongo wa babu, aliyefariki kabla sijazaliwa. "Unaingia kwake. Msalimie."

Miaka ya kupanga foleni ya sabuni ilikuwa imepita, maduka ya Same yamejaa ghafla kama yaliyorogwa. Baba akarudi kutoka mashamba ya mkonge akiwa na mabati, yakapandishwa mlimani vichwani mwa watu. Msonge ukabomolewa. Nguzo ikabaki peke yake kwenye ukungu, na bibi kando yake, kajifunga kanga mbili, anakohoa. Aligoma kuondoka.

"Mama, nyumba mpya ni ya pembe nne. Nguzo ya kazi gani?" baba akauliza.

"Mkiing'oa nikiwa hai, mmening'oa na mimi."

Fundi wa kujenga akacheka. "Bibi, kwani inashika mawingu?"

"Inakushika wewe usianguke, mwanangu."

Fundi akaikumbatia aitikise. Akaiachia upesi, akafuta viganja kwenye suruali, wala hakutania tena. Nikasogea, nikaigusa. Jamani! Moto ulizimwa zamani, mvua imeinyeshea, lakini ilikuwa na joto, kama shavu la mtu aliyelala.

Baba hakuigusa. "Jengeni kuizunguka," alisema.

Basi sebule yetu ikawa na nguzo isiyobeba hata bati moja. Wageni walicheka, bibi akapona kikohozi. Alipofariki, baba aliing'oa kwa mikono yake, tukaizika ubavuni mwa bibi, shimo la sebuleni likazibwa kwa saruji.

Mlango mpya ni mrefu, lakini baba huinama kila anapoingia. Nilidhani ni mgongo, mkonge umemmaliza. Mpaka juzi nilipofika nyumbani, mizigo mikononi, viatu nimeviacha kizingitini, nikajikuta nami nimeinama. Ndipo nikaelewa kwamba bibi hakuwa akipigania mti. Alitaka tubaki na mahali pa kuinamisha kichwa.

"Shikamoo, babu," nikasema, sebule tupu.

Saruji chini ya nyayo zangu ilikuwa na joto.