Ndizi Nyeusi za Wifi

Nauza matunda sokoni Mpanda, na muuza matunda haepuki masalia: ndizi zilizolainika, papai lililobonyea upande mmoja, maembe yanayochuruzika maji. Wateja wanayapita kama hawayaoni. Mimi nayabeba nyumbani. Ndizi ikishakuwa nyeusi ganda zima, hapo ndipo utamu wake umekamilika. Unaiponda kwa uma, unachanganya na unga wa ngano, mayai, mafuta na sukari kidogo tu, unamimina kwenye sufuria iliyopakwa siagi, kisha makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Oveni sina. Wanangu wamekua wakila keki hiyo na chai.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, anakaa Kibaoni. Ana mashine ya kukoboa mpunga na anapenda kila mtu ajue. Jumapili moja alikuja kwetu na wenzake wawili wa kwaya. Nilitoka jikoni nikapiga goti.

"Shikamoo wifi."

Hakuitikia. Alikuwa ameshaliona beseni la ndizi nyuma yangu.

"Hivi nyie humu ndani mnakula uozo?"

"Ni za keki, wifi. Nilikuwa nataka kuponda."

"Keki!" Akawageukia wenzake. "Mmesikia? Mdogo wangu kaoa jalala."

Wakacheka. Alilibeba beseni mwenyewe mpaka kwenye shimo la taka, akalimwaga lote, kuku wakazivamia zile ndizi. Kisha akanawa mikono kwa maji yangu, akakaa, akauliza chai iko wapi. Mume wangu alikuwa amekaa palepale kwenye kochi, anaangalia viatu vyake. Nikaenda kupika chai. Maji yalipokuwa yanachemka nilisema moyoni: utazila, wifi. Utazila na utaomba uongezwe.

Sikumwambia mtu. Nilisubiri.

Binti yake alikuwa anasoma mjini na alikuwa akija kwangu mara kwa mara. Ile keki aliipenda kuliko wanangu wenyewe. Alipochumbiwa, na sherehe ya kumuaga ikapangwa kufanyika Kibaoni, alinifuata sokoni.

"Anti, keki yangu utaoka wewe. Mama nitamwambia nimeagiza kwa mtaalamu wa mjini. Akijua ni wewe atakataa."

"Asijue," nikamwambia. Alidhani namsaidia yeye tu.

Kwa keki ile nilichagua ndizi kama mtu anayechagua fimbo. Nzuri niliziuza. Mbaya niliziweka kwenye kikapu, nikazifunika gunia, nikaziacha mpaka zikaanza kutoa harufu ya pombe na nzi wakaanza kuulizana habari juu yake. Niliziponda taratibu. Nilioka sufuria tatu za ukubwa tofauti, nikazipandanisha, nikazipaka sukari nyeupe iliyopigwa na ute wa mayai mpaka ikang'aa kama shuka la hospitali. Safari ya Kibaoni niliipakata keki ndani ya boksi. Tulipopita mbugani mbung'o waliingia ndani ya basi, wakaniuma mikono yote miwili, sikuiachia.

Ukumbini wifi alikuwa amevaa kitenge kipya na kilemba kirefu. Wale wenzake wa kwaya walikaa meza ya mbele. Ulipofika wakati wa kulishana keki, binti alimlisha mama yake kipande cha kwanza. Wifi akatafuna, akafumba macho, akafungua mdomo tena kama kinda la ndege. Watu wakapiga vigelegele.

Mshereheshaji akamsogezea kipaza sauti. "Mama, keki hii mmeitoa wapi?"

"Tumeagiza kwa mtaalamu, mjini. Wageni wangu siwezi kuwalisha vitu vya ovyo."

"Na huyo mtaalamu yupo hapa?"

Binti, kwa furaha yake, akasahau siri yetu, akaninyooshea kidole. Nikasimama, nikaenda mbele, nikapewa kipaza sauti.

"Shikamoo wifi," nikasema. "Hiyo keki nimeoka mimi, kwa ndizi nyeusi, kama zile ulizoziita uozo ukazimwaga shimoni kwangu, siku uliposema mdogo wako kaoa jalala. Wenzako hawa ni mashahidi. Nashukuru leo umekula, na umeomba uongezwe."

Mmoja wa wale wanakwaya akacheka, akaziba mdomo kwa leso, akashindwa, akacheka tena, na meza ya nyuma ikalipuka. Wifi alikuwa bado na keki mdomoni. Hakuweza kuitema mbele za watu. Nilimwangalia mpaka alipoimeza.

Binti hakucheka. Alinitazama kwa macho ya mtu ambaye sherehe yake imetumiwa bila yeye kuombwa. Hilo tu ndilo lililonichoma.

Kwenye basi la kurudi mume wangu alisema, "Umemwaibisha dada yangu."

"Siku ile aliponiaibisha mimi, wewe ulikuwa wapi?"

Aligeukia dirisha.

Mwaka huu, Pasaka ilipokaribia, binti alikuja na ujumbe. Alikuwa ameshaolewa, amenenepa kidogo.

"Anti, mama anaomba umwokee keki. Ana wageni."

"Keki gani?"

"Ileile."

"Mwambie aje mwenyewe," nikasema. "Asimame hapa jikoni, aniombe, na ndizi aziponde yeye kwa mikono yake."

"Anti, hatakuja."

"Basi wageni wake wale wali."

Binti alishusha pumzi. Akaangalia sufuria ya keki iliyokuwa jikoni, makaa bado yanawaka juu ya mfuniko, akauliza kama anaweza kumpelekea mumewe kipande. Ilipoiva nikamfungia viwili; cha pili ni cha nani, sikuuliza.