Kitasa cha Siku Moja

Muuguzi huyu amestaafu, lakini hajapumzika. Vyumba vinne vya nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe amevigeuza mahali pa kuwapokea watu waliozidiwa na akili zao: huyu anasikia sauti, yule anataka kujidhuru. Hukaa nao siku chache mpaka watulie. Mtaani wanamwita Bi Pole, maana hakuna aliyewahi kumwona akikimbia.

Mwaka huu leseni yake ilikuwa inakwisha siku ya Ijumaa. Bila leseni nyumba hufungwa, na wagonjwa wa namna hiyo wakikosa pa kwenda huishia mahabusu. Ndani alikuwemo mmoja, mwanamke mshonaji wa nguo, ambaye alishawahi kulazwa mahabusu kwa ugonjwa huohuo na hakutaka hata kusikia neno hilo likitajwa.

Fomu zilikuwa mbili, zote mpya. Ya afya ilitaka mlango mkubwa ufungwe kwa ufunguo, mgonjwa asitoroke. Ya zimamoto ilitaka mlango huohuo ufunguke kwa ndani bila ufunguo, moto ukitokea watu wasiteketee. Kila moja haikubaliwi bila ya mwenziwe. Bi Pole alizisoma, akavua miwani, akaifuta, akazisoma tena. Miaka yote mlango wake haukuwa na kitasa. Kulikuwa na zamu: mtu mmoja hukaa mlangoni, na mgonjwa akitaka kutoka, hutoka wote wawili, wakazunguka mtaa, wakarudi. Fomu hazikuwa na nafasi ya kuandika hivyo.

Mdogo wake, seremala, akaona jambo ni jepesi kama unyoya.

"Dada, Jumatatu wakija wa afya, kitasa kipo. Jumanne wakija wa zimamoto, hakipo. Unahangaika na nini? Mlango wako, skrubu zangu."

Akakubali. Simsifu kwa hilo. Uongo ukivikwa nia njema hauachi kuwa uongo, na mtu mzima kama yeye alilijua hilo kabla skrubu ya kwanza haijaingia.

Jumatatu mkaguzi wa afya, msichana mtaratibu, alizungusha ufunguo mara mbili, akatia sahihi, akaenda zake. Seremala naye, kwa mazoea ya watu wenye vitasa, akaufunga mlango nyuma yake na kuondoka na ufunguo mfukoni. Alasiri mshonaji alitaka kwenda kuzunguka mtaa. Mlango ukagoma. Yule aliyekuwa ametulia tangu Jumamosi akaanza kuupiga kwa viganja mpaka vikatoka damu, akiuliza amekosa nini tena hata afungiwe. Bi Pole alisimama nyuma yake, hana ufunguo. Ilipita saa nzima kabla seremala hajapatikana.

Asubuhi kitasa kikang'olewa, na Bi Pole akaenda ofisini kwa mkaguzi wa afya kueleza yote. Msichana aliweka kalamu chini.

"Mama, si ungenyamaza tu? Nikifuta sahihi, nyumba inafungwa. Nisipofuta, na mimi nimekuwa mwongo."

"Futa, mwanangu."

"Halafu niandike nini? Mlango ufungwe au usifungwe?"

"Mpaka wiki iliyopita nilikuwa najua. Tangu hizi fomu zije, sijui."

Akafuta. Chini yake akaandika kwamba mlango hauna kitasa ila una mtu, akampelekea mkubwa wake. Mkubwa akasema hilo ni swali la zimamoto. Zimamoto, waliouona mlango Jumanne, wakasema mlango ni wao, lakini wagonjwa ni wa afya. Ijumaa ikafika. Hakuna aliyekuja kufunga nyumba, hakuna aliyeleta leseni. Bi Pole hakujua kama anaifuata sheria au anaivunja, na kila aliyemuuliza alimjibu kwa swali.

Siku hiyo mshonaji alikunywa chai, akaaga, akausukuma mlango kwa mkono wenye bandeji, akarudi kwake kwa miguu.